Kioo kilivyotoboa sakafu ya tanuri langu, na kinga ninayotumia sasa

Nilipoanza kuyeyusha vioo, mtu aliyenitangulia sana katika kazi hii aliniambia sakafu ya tanuri haihitaji kupakwa poda ya kuzuia kioo kisigande. "Kioo kinakaa juu ya rafu, sakafuni kitafikaje?" Nikamwamini, na kwa miezi kadhaa ilionekana kasema kweli. Nilipaka rafu tu, sakafu nikaiacha tofali tupu.

Kisha nikatamani kuyeyusha masalia kwa chungu. Unachukua chungu cha udongo chenye tundu chini, unakijaza vipande, unakiinua juu ya rafu, unapandisha joto kupita nyuzi 900 za selsiasi. Kioo kinachuruzika kama asali na kutengeneza duara la rangi zilizochanganyikana. Ni kazi nzuri mno. Kosa langu ni kwamba sikupima. Kioo kilichoyeyuka sawasawa hutanda chenyewe mpaka unene wake ubaki kama milimita 6, kwa hiyo uzito ndio unaoamua kitafika wapi. Kwenye rafu ya sentimita 30 kwa 30, kilo moja tu inakaribia kugusa ukingo. Mimi niliweka karibu mbili.

Nilifungua tanuri lilipopoa kabisa. Duara lilikuwa limemwagika pembeni, na chini, karibu na kijiguu cha rafu, palikuwa na donge la kijani upana wa kiganja, limezama ndani ya tofali. Kuzunguka donge tofali lilikuwa limepasuka nyufa nyembamba, maana kioo na tofali havisinyai sawa vinapopoa.

Nikarudi kwa yule yule kuomba ushauri. Akasema niliache, nipake poda juu yake, niendelee na kazi. Ushauri huu ndio ulioniudhi kuliko wa kwanza, kwa sababu nilimwamini tena. Uchomaji uliofuata poda ilibanduka, donge likayeyuka upya na kushuka zaidi. Nilipochomeka sindano ya kufumia pembeni yake, ilizama karibu nusu ya unene wa tofali. Kioo kilichobaki kwenye tofali hakitulii: kila joto likipanda, kinakula tena. Kitoeni siku hiyo hiyo.

Nilizima umeme ukutani, nikavaa barakoa, nikachukua patasi. Tofali la tanuri ni laini, hata ukucha unalikwangua, kwa hiyo usigonge donge lenyewe. Nilichimba kulizunguka mpaka likalegea, nikaling'oa zima pamoja na tofali lililoshikamana nalo. Likabaki shimo la ovyo, nikalichonga likawa la mraba.

Hapa ndipo nilipojivunia. Nilikuwa na kipande cha tofali la aina ile ile. Nilikata kizibo kikubwa kidogo kuliko shimo, nikaanza kukisugua kwenye kuta za shimo lenyewe, tofali kwa tofali, nikikigeuza na kufyonza vumbi kwa mashine kila baada ya muda. Kilikaza, kikalegea kidogo, kikashuka milimita mbili, kikakaza tena. Ilinichukua mchana mzima. Mwishoni kiliingia kwa kusukumwa na dole gumba, bila saruji yoyote, na nilipopitisha kiganja juu yake sikuhisi mshono. Gharama haikufika hata robo ya sakafu mpya.

Baada ya hapo nilipaka sakafu yote. Poda ni ile ile ya rafu, mchanganyiko wa alumina na kaolini: sehemu moja ya poda kwa tano za maji, ukikoroga kila mara kwa sababu inatuama upesi. Tumia brashi laini, matabaka membamba manne au matano, kila moja likikatiza mwelekeo wa lililotangulia. Usiguse nyaya za joto. Mimi huzikinga kwa kipande cha katoni ninapopaka. Dari usiipake kabisa, itakumwagia maganda juu ya kioo. Kisha acha ikauke, na upandishe joto polepole kifuniko kikiwa wazi kidogo mpaka mvuke uishe.

Juu ya poda natandika karatasi ya nyuzi za kauri ya milimita 3. Siitandiki nzima, naikata vipande vinne ili nibadilishe kilichoharibika tu. Mahali pa vijiguu natoboa, visimame kwenye tofali lenyewe, la sivyo rafu itayumba. Mara ya kwanza gundi ya karatasi huungua na kutoa moshi wenye harufu kali, basi fungua madirisha. Ikishachomwa inakuwa dhaifu na vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo kabla ya kuiondoa inyunyizie maji na uvae barakoa.

Siku hizi napima vipande kwenye mizani kabla ya kuvitia chunguni. Hata hivyo mwezi uliopita chungu kilipasuka katikati ya kazi na kioo kikaanguka kote. Nilifungua asubuhi moyo ukidunda. Donge lilikuwa pale pale pa zamani, karibu na kijiguu. Nikalishika kwa vidole viwili, likainuka na kipande chake cha karatasi, na chini yake poda ilikuwa nyeupe vile vile nilivyoipaka.