Kumbukumbu ya mradi: kisanduku kinachofuata mkono

Kisanduku cha muziki nilichowaundia watoto wenye usonji sasa kinachezewa. Ni plaiwudi kutoka soko la Kibuye, ubao wa Arduino (kompyuta ndogo ya kuongoza vifaa), laptopu ya mtumba ya kutoa sauti, na vihisi viwili vya umbali vya HC-SR04, vile vyenye macho mawili. Kihisi hutoa mlio wa kilohezi 40, juu ya upeo wa sikio la binadamu, kisha hupima muda mwangwi unaotumia kurudi. Mkono ukikaribia, noti inapanda. Ukiondoka, kimya.

Kimya hicho nakilinda sana. Wenzangu wanataka niweke mdundo nyuma, eti kunoge. Hapana. Watoto wengi wenye usonji huteswa na kelele wasiyoitawala. Hapa nataka mtoto aone kwamba sauti ni yake, akiita inakuja, akiacha inakoma. Ndiyo maana hata spika ya Bluetooth nimeiweka kando: sauti inatoka mkono umeshapita. Waya hauna maringo hayo.

Kwenye kitengo maalum cha shule moja hapa Kisumu, kilichonitoa jasho ni sweta za sare. Sufu inameza mwangwi! Mtoto amesimama pale mbele, kisanduku kinadai hakuna mtu. Sasa wanatumia kiganja au kipande cha kadibodi, na mmoja kaipenda kadibodi kuliko muziki wenyewe. Mwache. Vihisi navyo nimevipangia zamu, kila kimoja kikisubiri milisekunde 60, maana vikilia pamoja kimoja hudaka mwangwi wa mwenzake.

Sauti ni za nyatiti ya mjomba, ile ala ya nyuzi ya Waluo, noti tano tu, zilizochaguliwa ili yoyote ikigongana na nyingine isikwaruze.

“Mwalimu, hapo sawa?”

“Shusha kidogo, fundi. Huyu ameanza kuziba masikio.”

Basi nikaongeza kirungu kikubwa cha sauti upande wa mwalimu, akizungushe bila kuniita.

Kazi inayofuata ni ya miguu. Mpiga nyatiti huvaa gara, yaani njuga, mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, anagonga nayo huku akicharaza nyuzi nane. Mwili wote uko kazini. Wapo watoto wasiopenda kunyoosha mikono lakini kuruka hawachoki. Nitabandika visahani vya shaba, vile vya ndani ya baza vinavyohisi mtikisiko, chini ya mkeka, kila kishindo kilize gara. Visahani ninavyo tayari. Natafuta mkeka mnene usioteleza kwenye saruji.