Mauser iliyokuwa inakwama risasi baada ya kugeuzwa kuwa .308

Karakana ninayofanyia kazi iko Missoula, Montana, na kila mwaka msimu wa kulungu unapokaribia, mwishoni mwa Oktoba, bunduki za urithi hutolewa makabatini na kuletwa kwetu. Hii ilikuwa Mauser 98, bunduki ya zamani ya jeshi la Ujerumani. Ilitengenezwa kwa risasi ya 8x57, kisha fundi mmoja miaka mingi iliyopita akaitia mtutu mpya wa risasi nyingine, .308 Winchester. Shabaha yake ilikuwa nzuri sana. Tatizo lilikuwa kwenye kulisha: ukijaza magazini na kusukuma bolti, lile komeo la chuma linaloingiza risasi na kufunga, risasi moja inaruka juu na kutoka nje, inayofuata inagonga pua chini na kukwama. Mwenye bunduki, mzee mfugaji wa ng'ombe, alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba dawa yake ni kuusaga ule mteremko unaopandisha risasi kuelekea chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa.

Ushauri huo husikika sana, na mimi naupinga kwa nguvu zangu zote. Nyuma tu ya mteremko wa Mauser ndipo jino la chini la bolti linapoegemea risasi inapofyatuliwa. Ukisaga hapo unapunguza chuma kinachobeba mshindo wote. Tena chuma cha Mauser za kijeshi ni kigumu kwenye ngozi ya juu tu, ndani ni laini. Ukishaipita ngozi hiyo, hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo mteremko niliufuta mafuta, nikauacha, nikaanza na venia, kipimo changu cha milimita.

Risasi ya 8x57 ina urefu wa milimita 82 hivi. Ya .308 ni 71. Magazini ilikuwa bado ni ileile ya kijeshi, yenye nafasi ya takriban milimita 84 kwa ndani, maana yake risasi mpya zilikuwa zinaogelea. Kila mshindo ulizipeleka mbele zikagonga ukuta, na ncha zake za madini laini ya risasi zilikuwa zimebapa. Zaidi ya hapo, zile kingo mbili za juu zinazoshika risasi zilichongwa ziiachie pale pua ya 8x57 inapokuwa imeshaingia chemba. Risasi fupi inaachiliwa palepale, lakini pua yake bado iko nyuma, haina cha kuiongoza. Hapo ndipo inaporuka.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, na ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Waliobuni Mauser hawakukisia upana wa magazini. Risasi hulala kwa kupishana, kulia na kushoto, na ili zikae sawasawa upana wa ndani unatakiwa uwe kipenyo cha ganda mara 1.866. Kwenye kitako hakuna shida, maana risasi hizi mbili zina kitako cha karibu milimita 12 zote. Shida iko begani, pale ganda linapoanza kubanwa kuelekea shingo. Ganda la 8x57 limechongoka kidogo kuelekea mbele na bega lake ni milimita 10.95, kwa hiyo linahitaji nafasi ya 20.4. Ganda la .308 limenyooka zaidi, bega ni 11.53, na linataka 21.5. Milimita moja ni ndogo ukiisoma, lakini magazini ikibana hapo mbele, risasi ya juu inasukumwa katikati, inatoka chini ya kingo iliyopaswa kuishika. Nilizipanga risasi za majaribio ndani ya magazini, nikatazama kwa tochi kutokea juu: vitako vimekaa vizuri, mabega yamepandana.

Risasi za majaribio nazisisitiza. Ni maganda yasiyo na baruti wala fataki ya kuiwasha, nimeyatoboa tundu ubavuni ili hata gizani kidole kijue. Risasi hai haikanyagi meza yangu mpaka siku ya kwenda uwanjani. Na kazi yenyewe ni ya karakana yenye leseni. Aliye Tanzania anajua Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezi na mtu, na sioni kosa lake.

Nilianza na kipande cha chuma cha kuziba nafasi, nikakifunga ukuta wa nyuma wa magazini. Wengine hukiweka mbele. Mimi napenda nyuma kwa sababu pua inabaki karibu na mteremko, haina safari ndefu peke yake. Kichwa cha kipande lazima kiwe chini ya njia ya bolti, la sivyo bolti itakigonga. Kibao kinachobeba risasi nikakikata kwa nyuma kifuate urefu mpya, na springi nikaibadilisha, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa inainua upande mmoja kabla ya mwingine. Kisha kuta za magazini: kama nusu milimita kila upande, sehemu ya begani tu, kwa mashine ya kuchonga, nikamalizia kwa msasa. Nikajaza tena na kumulika. Mabega yalilala.

Hapo tayari zilizokuwa zikiruka ziliacha kuruka. Iliyobaki ni ukucha, ile kulabu ya bolti inayodaka kitako cha ganda ili kulivuta nje. Mauser haisubiri risasi ifike chemba ndipo iidake. Kitako kinapanda kutoka chini na kuteleza nyuma ya ukucha bolti ikiwa bado njiani, na hiyo ndiyo sababu wawindaji wa wanyama hatari wanaipenda hadi leo. Niliyapaka maganda masizi ya kibatari, nikasukuma bolti polepole, nikaona yanakwaruzwa mahali pamoja, kwenye ukingo wa chini wa ukucha. Nikaulainisha kwa jiwe la mafuta, kidogo, nikapaka masizi tena. Kingo za juu nilizipitisha msasa namba 400 halafu 600, kwa kufuata mwendo wa risasi, bila kubadilisha umbo lake. Mdomo wa chemba nao ulikuwa mkali kama ulivyotoka kwenye mashine ya kukereza, ukichuna shaba, nikauondoa ule ukali tu. Ukizidisha hapo, ganda linakosa ukuta wa kulishikilia.

Kisha nikaijaribu inavyotumika porini: kwa nguvu, kwa uvivu, bunduki ikiwa ubavuni, ikiwa imeinama. Bolti ikisukumwa kwa woga huficha mengi. Uwanjani nilitazama ncha za risasi zilizobaki magazini baada ya kila mlio, na hazikuwa zimebapa tena.

Mzee alipokuja kuichukua, nilimwomba jambo moja: asiidondoshe risasi moja kwa mkono ndani ya chemba na kufunga bolti juu yake. Ukucha wa Mauser hii haukutengenezwa kuruka juu ya kitako, na huo ndio unaovunjika. Apitishe kila risasi magazini, hata akiwa na moja tu. Akajaza risasi za majaribio mbele yangu, akazungusha bolti mpaka zikaisha, akajaza tena.