Vile nilifanikiwa kujua ni nani walitengeneza sanamu zetu, kutoka Nairobi mpaka Malindi

Simamisha mtu yeyote pale town Nairobi umuulize hiyo sanamu ya Kimathi Street ni ya nani, atakwambia bila kufikiria. Sasa muulize nani aliitengeneza. Atakutazama tu. Mimi nimezaliwa Mombasa nikalelewa na picha za meli kwenye kuta na milango ya kuchonga, na hili jambo limenikera kwa muda mrefu sana, kwamba tuna kazi kubwa kubwa za sanaa katikati ya miji yetu, za shaba, za simiti, za rangi, na mikono iliyozitengeneza hatuijui. Kibao mara nyingi kinakwambia nani alikuja kuzindua na tarehe gani. Basi nikaamua nitatafuta mwenyewe. Leo nina daftari lenye majina, tarehe na picha, na nataka kueleza vile nilifanya manake watu wameniuliza, halafu si kazi ya pesa nyingi, ni kazi ya subira na kuuliza uliza.

Kwanza kazi yangu ilinisaidia. Nasambaza dawa za mifugo kwa maduka ya agrovet, kwa hivyo miji naipita tu hata kama sitaki. Nilichofanya ni kuanza kufika mapema kabla maduka hayajafunguliwa, naenda kwenye sanamu kwanza halafu ndio biashara. Asubuhi na mapema ndio wakati mzuri, hakuna watu wengi, jua liko chini na linapiga kwa ubavu unaona kila mkunjo, halafu askari wa kaunti hawajaanza kukuuliza unapiga picha za nini. Jumapili ni bora zaidi kwa Nairobi.

Nilianza na Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau waliopigana na Waingereza msituni, kwa sababu ndiye nampenda kuliko wote. Ukisimama barabarani utaona mtu wa shaba mwenye nywele za kusokotana, amevaa nguo za kijeshi, basi. Lakini sogea karibu kabisa. Mkono wa kulia ana bunduki, wa kushoto ana kisu, na vile vidole vimeshika ile bunduki si vya mtu anayepigwa picha, ni vya mtu ambaye amebeba silaha msituni miaka na hajui kuiweka chini. Nilikaa pale nikitazama tu vidole. Ilizinduliwa na Rais Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge Kimathi tarehe kama hiyo mwaka 1957. Na aliyeichonga anaitwa Kevin Oduor. Andika hilo jina mahali. Huyo huyo ndiye alitengeneza ile ya wapiganaji wa Mau Mau pale Uhuru Park, iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa pesa zilizotoka serikali ya Uingereza, ya mwanamke anampa mpiganaji chakula na wote wawili wamegeuza nyuso wasionane, ndio mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Mimi hiyo nilipoielewa nilirudi kuitazama tena manake mara ya kwanza nilidhani ni namna tu ya kupanga watu.

Majina nimeyatoa wapi? Hapa ndipo wengi hukata tamaa lakini kumbe ni rahisi ukijua mlango wa kupita. Sanamu mpya za baada ya 2000 utapata kwenye magazeti ya wiki ile ilipozinduliwa, waandishi walikuwa wanamhoji mchongaji hata kama baadaye kila mtu akamsahau. Kwa hivyo ukishajua tarehe ya uzinduzi kazi yako nusu imeisha, na tarehe mara nyingi ndio hiyo iko kwenye kibao. Za zamani nenda maktaba ya McMillan pale Banda Street, ile yenye simba wa mawe mlangoni, uulizie magazeti ya zamani, ama uvuke uende Kenya National Archives kwenye Moi Avenue. Unalipa ada kidogo, unaandika unachotaka, unangoja. Usiende na swali pana kama "nataka historia ya sanamu", hawatajua waanzie wapi wala wewe hutajua. Nenda na mtaa na mwaka. Halafu ukiwa hapo archives tembea ukumbi wa chini uone vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, huyo ni mtu alipenda sanaa ya Afrika kwa vitendo na sio kwa hotuba.

Ukitoka tu mlangoni pale archives unaona sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri. Ilizinduliwa Oktoba 2011, imetengenezwa na Oshoto Ondula, iko karibu sana na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa, wakati huo hiyo barabara ikiitwa Government Road. Chini yake kuna ndege, heroe wale wa Nakuru. Nilikuwa nimeinama napiga picha za miguu ya hao ndege, mzee mmoja anayepiga viatu rangi hapo karibu akaniuliza, "Kijana, mbona unapiga picha za ndege na mwenye sanamu umemwacha?" Nikamwamkia nikamwambia mzee wangu, nataka kujua hawa ndege wanafanya nini hapa. Akacheka akaniambia kaa. Akaniambia hao ni wale watoto Mboya aliwapeleka Marekani kusoma, wale wa ndege za airlift, ndio maana wanaruka. Nikamuuliza na aliyeitengeneza je? Akasema, "Huyo nilimwona kwa macho, alikuwa anakuja kukagua, lakini jina hakuna aliyetuambia." Nikamwambia anaitwa Oshoto Ondula. Akarudia rudia lile jina. Mteja alipokuja kukaa kwenye kiti nikamsikia mzee anamwambia na yeye. Wallahi nilifurahi siku hiyo kuliko siku zote za kazi hii.

Sasa kuna ile ya Kenyatta Avenue, wale wanaume watatu wa vita vya kwanza vya dunia. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, ambaye kazi zake alikuwa akizitia jina Myrander, na ni yeye yeye alitengeneza ile ya askari mmoja pale Dar es Salaam ya mwaka 1927 ambayo watu wa Dar wanaijua kama Askari Monument. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Soma tena hiyo sentensi halafu zunguka jiwe lote utafute jina la mpagazi hata mmoja. Hakuna. Mwandishi anajulikana, mchongaji ukimtafuta unampata, lakini wale waliobeba mizigo mgongoni mpaka wakafa kwa njaa na kuhara na malaria, maelfu kwa maelfu, hawana hata herufi. Mimi nasema hapo serikali yetu ingeweka ukuta mdogo wa majina yale yanayojulikana, na sidhani ni kuomba makubwa.

Ya Mzee Kenyatta pale KICC, lile jumba kubwa la mikutano Nairobi, ameketi, ni ya 1973 na mchongaji ni Mwingereza pia, James Butler. Hapo kuna walinzi, nenda na kitambulisho na uwaamkie vizuri, useme wazi unachofanya. Kuna mahali pengine, sitapataja, mlinzi alinifukuza na kunitaka nifute picha zote, nikafuta, nikarudi wiki nyingine zamu ikiwa ya mwingine, mama mmoja mpole, akaniambia piga mwanangu ni mali yenu hii.

Nikaanza pia kuandika zile ambazo hazipo. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alikuwa na sanamu yake hapo hapo Kenyatta Avenue wakati ikiitwa Delamere Avenue, ikaondolewa baada ya uhuru ikapelekwa shamba la familia Soysambu. Malkia Victoria aliwekwa Jevanjee Gardens mwaka 1906 kwa zawadi ya A. M. Jeevanjee mwenyewe, na mwaka 2015 watu wakamvunja kichwa. Halafu kuna ile ambayo haikujengwa kabisa, mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi, na Wangari Maathai akasimama akapinga, akatukanwa sana, lakini jengo halikujengwa na bustani iko hadi leo. Kwangu mimi hiyo nafasi tupu nayo inastahili ukurasa wake kwenye daftari.

Michoro ya ukutani ni habari nyingine kabisa na inataka haraka. Sanamu itakungoja, mchoro haukungoji. Nilijifunza kupiga picha siku ile ile nimeuona, manake ukirudi utakuta ukuta umepakwa tangazo la simu ama nyumba imebomolewa. Lakini hapa majina ni rahisi kupata kuliko kwenye shaba! Tazama pembeni chini, kulia ama kushoto, msanii ameweka saini yake, siku hizi na akaunti yake ya Instagram. Vijana wa spray hawakungoja mtu awaandikie kibao. Ndio nilivyowajua kina Bankslave, Swift, Uhuru B na Smokillah, ambao mwaka 2012 pamoja na Boniface Mwangi walichora wanasiasa kama tai wala mizoga kwenye ukuta wa Muindi Mbingu Street, na wakati ule hiyo haikuwa kazi salama. Kabla yao, kule Kibera baada ya uchaguzi wa 2007, Solo 7 alitembea na brashi akiandika maneno ya amani kwenye mabati na kuta wakati moshi bado unaonekana. Ukimtumia msanii ujumbe mwambie tu umeona kazi yake wapi na umtumie picha. Wengi wamenijibu, na wengine wamenitajia kuta nyingine ambazo nisingezijua. Hata nganya, zile matatu zilizochorwa za Rongai na Embakasi, nimeziingiza, ile ni michoro inayotembea na mafundi wake wanajulikana mitaani kama wachezaji mpira.

Mombasa nilirudi nyumbani na macho mapya. Zile pembe kubwa za ndovu zilizopita juu ya Moi Avenue, ambazo nimepita chini yake tangu niko kwa mgongo wa mama, nilisimama katikati pale kwenye kisiwa cha barabara nikaweka mkono: ni aluminiamu, unaona mahali bati moja limeungwa na lingine, na tuktuk zikipita unaisikia ikitetema kidogo. Ni za miaka ya 1950, ziliwekwa kupokea wageni wa familia ya kifalme ya Uingereza, na sisi tumezifanya zetu mpaka zimekuwa ndio Mombasa yenyewe. Halafu Fort Jesus kuna kitu watu hupita haraka kwenda kwenye mizinga: kipande cha ukuta chenye michoro ya Wareno wa miaka ya 1600, ya makaa na udongo mwekundu. Kuna meli na tanga zake, makanisa, samaki, mioyo, na kinyonga. Mtu ametoka Ureno, yuko kwenye ngome yenye joto, akamwona kinyonga labda mara ya kwanza maishani, akamchora. Nilimwonyesha mwanangu akakaa mbele yake muda mrefu.

Malindi nilikwenda kwa sababu ya Mekatilili wa Menza. Yeye ndiye mwaka 1913 aliwaamsha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu wakatae kodi na kupelekwa kazi za Wazungu, akakamatwa akapelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka akarudi pwani kwa miguu. Sanamu yake iliwekwa mwaka 2010 kwenye bustani iliyokuwa Uhuru Garden na sasa ina jina lake, na waliopigania iwekwe ni watu wa Malindi wenyewe, Malindi District Cultural Association, sio Nairobi. Kutoka hapo tembea kidogo tu mpaka nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, utaona watalii wamejaa kwenye nguzo. Mimi ningewaomba wanaotembeza wageni pale Malindi waanze na mama halafu ndio nguzo.

Kwa hivyo kama unataka kufanya hivi kwenye mji wako, anza na iliyo karibu zaidi na nyumba yako. Piga picha kibao, piga pande zote nne za jiwe la chini, piga kona za chini za mchoro, uliza wanaofanya kazi hapo kila siku, wauza magazeti na wapiga viatu, kabla ya kuuliza ofisi yoyote. Na ukipata jina nenda pia kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti yako uwaandikie barua waliongeze kwenye kibao, mimi nimeshaandika za kwangu na moja imejibiwa. Ruti yangu ikibadilika mwezi ujao nitapita Kisii, naenda Tabaka kwa wachonga mawe ya sabuni, manake Elkana Ong'esa ni mtu wa huko na ndege wake wa amani yuko Paris kwenye makao makuu ya UNESCO. Mwenye kujua fundi yeyote pale anayepokea wageni asubuhi aniambie.