Bichi Aliyoitaka Wifi

Wifi yangu wa Mombasa alikuja Kisumu Desemba 2015 na sharti moja: nimpeleke kisiwani, kwenye bichi. Nikajigamba. Nimekulia kando ya ziwa, hilo nalo ni jambo? Nikamwomba binamu yangu mvuvi anitajie bichi tatu nzuri za Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, akaziandika upesi nyuma ya risiti. Sikumuuliza swali hata moja.

Matatu ikatufikisha Luanda K'Otieno kupitia Ndori, feri ikatuvusha hadi Mbita, kisha tukapanda bodaboda juu ya lile tuta la mawe na udongo lililounganisha Mbita na Rusinga. Daraja la sasa lilikuwa halijajengwa, na tuta lilizuia maji yasipite.

Kwenye bichi ya kwanza wifi alishuka na leso mpya begani na miwani ya jua, akasimama. Nyavu zilitandazwa chini, omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa juu yake, fedha tupu hadi ukingoni mwa maji. Mizani ilining'inia mtini. Korongo wawili wenye upara walipita katikati ya akina mama kama wakaguzi. Hapakuwa na pa kuweka hata kandambili.

"Wifi, ndiyo bichi hii?"

Ndiyo, ilikuwa bichi. Kwetu bichi ni pale mashua zinaposhusha samaki. Yeye alitaka ufuko, na binamu alikuwa ameniandikia mahali penye samaki wengi. Mimi niliyesimama katikati yao, ninayewaelewa wote wawili, ndiye nisiyeng'amua.

Zile mbili nyingine hatukuzifuata. Tulipitia Kasawanga kwenye kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyeuawa kwa risasi mwaka 1969. Hata jengo lenyewe lina umbo la risasi. Wifi alinyamaza kwa muda, kisha akasema ana njaa. Hoteli niliyoichagua kwa sababu ya mapambo yake ya makuti ikatujibu kwamba samaki wameisha, kuku wapo. Samaki wameisha, na tumezungukwa na ziwa! Kumbe walionona walikuwa wameshaondoka asubuhi na mapema, kwenye gari la barafu. Tukala chapati na chai, kimya.

Kesho yake, kabla upepo wa mchana haujaliamsha ziwa, tulikodi boti ya injini kutoka Mbita hadi Takawiri, kisiwa kidogo kilicho kati ya Rusinga na Mfangano. Huko ndiko nilikopata ahueni. Mchanga mweupe, miti ya jamii ya mnazi, kivuli. Wifi alichota maji kwa kiganja, akaonja, akageuka kunitazama.

"Mbona hayana chumvi?"

Alicheka mwenyewe. Akataka kuoga, nikamkatalia: konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani. Akatandika leso, akaketi.

"Ufuko wa kutazama," alisema.

Wa kutazama kweli, maana pale mchangani hapakuwa na mtu anayepika. Ilipofika saa saba hata mandhari yalikuwa yameanza kutuchosha. Nikamwomba mwenye boti aturudishe Rusinga, kwenye bichi ileile ya jana.

Mama karai, mkaanga samaki wa pale, alikuwa na ngege (tilapia) watano ndani ya beseni. Nilitaka kumchukua mkubwa, wifi akanisukuma pembeni. Alifunua shavu la samaki, akatazama matamvua, akambonyeza ubavuni kwa kidole gumba.

"Huyu wa jana, mama."

Mama akamtazama upya, kisha akatoa mwingine chini ya gunia lililoloweshwa, jicho bado linang'aa. Akampasua mistari mitatu kila ubavu, akampaka chumvi, mafuta yakalia. Baadaye akamtia kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu. Wifi akauliza kama kuna tui la nazi. Mama karai akauliza la nini.

Tulikula tumekalia mashua iliyopinduliwa, ugali katikati yetu, magamba ya samaki yamenata kwenye leso mpya. Wifi alikifyonza kichwa hadi kikabaki mifupa, kisha akaninyoshea mkono uliojaa mafuta.

"Hebu nipe ile risiti, wifi. Hizo nyingine mbili ziko wapi?"