Zloti 450 kwa Dakika Kumi na Saba

Nianze na hela, maana ndiyo iliyoniuma kwanza, kabla ya baridi. Zloti 450, hela ya Poland, kwa nusu saa angani kwa paramota. Nilipiga hesabu kwa shilingi za kwetu nikiwa nimekaa kitandani Białystok, ikaja karibu laki tatu, nikaizima simu nikalala. Kesho yake nikaiwasha tena. Nilikuwa nimeona picha ya ngome ya Boyen iliyopigwa kutoka juu wakati wa kiangazi, ngome yenye umbo la nyota iliyomezwa na miti, na tangu siku hiyo wazo moja lilikuwa halinitoki: miti ikipukutisha majani, theluji ikitanda, nyota ile si itaonekana yote, kama imechorwa kwa mkaa? Nikalipa.

Safari ya Giżycko, mji wenye ngome hiyo, haina mengi. Treni ilitushusha njiani tukapakiwa kwenye basi kwa sababu ya matengenezo ya reli, na choo cha stesheni kilikuwa zloti nne. Nne! Chumba kilikuwa 220 bila chai ya asubuhi, na mama mwenye nyumba alinionyesha kitasa cha kuongeza joto, kisha akanionyesha kwa kidole kwamba nisikiguse.

Kwa asiyeijua paramota, ni hivi. Kuna bawa la kitambaa, kama parashuti lakini refu, lililopinda kidogo mithili ya ganda la ndizi. Chini yake inaning'inia injini ndogo yenye pangaboi kwa nyuma, ndani ya kizimba cha waya. Rubani akiwa peke yake huivaa injini mgongoni akakimbia hadi inyanyuke. Wakiwa wawili hukaa kwenye kigari cha magurudumu matatu, abiria mbele, rubani nyuma, na wakati wa theluji magurudumu hutolewa zikafungwa mbao za kutelezea. Hakuna kioo, hakuna mlango. Umekaa kwenye kiti, miguu inaning'inia, chini yako ni hewa.

Mpiga picha Mmarekani George Steinmetz alianza kuipiga Sahara kwa chombo cha aina hii mwishoni mwa miaka ya 1990, na wengi tunaohangaika na kamera angani tumeanza kwa kutazama kazi zake. Yeye lakini alikwenda jangwani. Mimi mtoto wa Mwanza nilikwenda kwenye nyuzi joto nane chini ya sifuri, na chombo kikienda kilomita 45 kwa saa upepo wake unaifanya hiyo nane kuwa kama kumi na nane mwilini.

Rubani alikuwa mzee wa makamo mwenye masharubu yaliyokwisha kuganda kabla hatujaondoka. Aliniambia, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba wao majira ya baridi ndiyo wanayapenda. Hewa ya baridi ni nzito, bawa linabebwa vizuri, injini inasukuma vizuri, na kwa kuwa jua halichemshi ardhi hakuna mikondo ya kukurusha juu chini. Angani kunatulia kama mtungini. Halafu akaanza kunifunga kamba. Kamera kamba, glovu kamba, kofia kamba, hata kalamu iliyokuwa mfukoni akaichomoa akairudisha kwenye gari. Chochote kitakachoniponyoka hakitaanguka chini, kitavutwa nyuma kwenye pangaboi, na pangaboi likivunjika vipande vyake vinaweza kukata kamba za bawa. Akauliza kama nitabadilisha lenzi huko juu. Nikasema ndiyo, nina mbili. Akasema huna mbili, una hiyo iliyopo.

Hapo ndipo nilipojiloga mwenyewe. Iliyokuwepo ilikuwa ndefu, milimita 85, ya kuvuta vya mbali na kuona eneo dogo, niliifunga asubuhi ili kupiga mashua za barafu zinazokimbia ziwani kwa matanga. Nikajipa moyo kwamba tutapanda juu vya kutosha.

Hatukupanda vya kutosha. Ngome ilikuja chini ya miguu yangu, na kweli ilikuwa nyota, kuta zake nyeusi, handaki lake jeupe, yote kama nilivyoiota, ila kwenye kioo cha kamera niliiona kona moja tu. Nikipinda huku, kona. Nikipinda kule, kona nyingine. Waprusia walianza kuijenga mwaka 1844 wakaipa jina la waziri wao wa vita, na nadhani waliipima makusudi ili isienee kwenye lenzi yangu. Jamaa hawa hawa Wajerumani baadaye walifika kwetu wakaukuta mwamba umekaa majini kwa raha zake, wakauita Bismarck. Kila palipo na ziwa na jiwe waliacha jina la mkubwa wao.

Kona hizo nazo nilizipiga vibaya. Kamera ikiona theluji hudhani mwanga umezidi, inaubana, na weupe wote unatoka kijivu kama uji wa ulezi. Ni lazima uilazimishe kuongeza mwanga. Nilikuwa nalijua hilo, nilishalifanyia mazoezi hadi kwenye maegesho ya magari, lakini vidole vikishakufa ganzi na kichwa nacho kinasahau. Nilikumbuka dakika ya tisa, nikageuza kitufe kwa meno, na hapo hapo betri ikakata. Chini ilikuwa inaonyesha asilimia 70. Baridi ndivyo inavyozifanya betri: umeme umo, ila hautoki. Ya akiba nilikuwa nimeificha kwapani, chini ya koti, sweta mbili na fulana, na kuitoa huko kwa glovu zilizofungwa kamba, huku mkanda wa kiti umenibana kifua, kulikula dakika karibu sita za nusu saa yangu. Zloti 15 kila dakika. Nilikuwa nazihesabu.

Nimeichomeka, kamera imewaka, nimeinua macho tuko katikati ya ziwa Niegocin, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Nilidhani rubani kaizima. Nikageuza shingo nimshukuru, maana mtikisiko ulikuwa unaniharibia picha. Sura niliyoiona haikuwa ya mtu aliyezima kitu. Alikuwa anavuta kamba ya kuwashia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaiachia, akashika kamba za usukani na kusema neno moja la Kipolandi ambalo wenzangu kazini hulisema kila mashine ikigoma.

Bawa halianguki injini ikizimika. Linashuka taratibu tu, na kutoka pale tulipokuwa tulikuwa na kama dakika moja na nusu. Nilikuwa nimeambiwa hivyo chini na nilikubali kwa kichwa. Tumbo lilikuwa halijaambiwa. Lakini ule ukimya! Kelele za injini zilipoondoka nilianza kusikia kamba za bawa zikipiga mluzi mwembamba, mbwa akibweka kijijini, na chini, mara moja, ziwa lenyewe likanguruma. Barafu ikijinyoosha hutoa mlio kama ngoma iliyopigwa ndani ya pipa. Kule kisiwani Ukerewe ungesema ni kiboko.

Ilikuwa saa tisa alasiri na jua la Februari la huko hukaa chini chini siku nzima. Mbele yangu kulikuwa na weupe usio na kipimo, sijui ni mita mia au kilomita, na juu yake mistari myeusi mirefu, imelala upande mmoja. Nikasema ni nguzo za uzio. Nani anajenga uzio ziwani? Nikapiga. Nikapiga tena. Nguzo moja ikainua mkono. Kumbe nilikuwa natazama vivuli: watu wenyewe walikuwa vidoto kwenye ncha, wamekaa kila mtu na tundu lake kwenye barafu, na kila mmoja amelaza kivuli kirefu mara nne ya kimo chake. Lenzi ndefu, mwanga umeongezwa, hakuna mtikisiko. Nilipiga picha 31 kabla mbao hazijagusa theluji. Nilizihesabu baadaye, wakati ule hata jina langu nisingelikumbuka.

Tulisimama hatua kama arobaini kutoka kwa aliyeinua mkono. Mzee, amekaa juu ya sanduku, ndoano kwenye kifimbo kifupi kama cha mtoto wa kuchezea. Hakuja mbio. Aliamkia kwa kichwa, akamtazama rubani aliyekwisha kuifungua injini, akasema jambo, wakacheka. Rubani akanitafsiria: anauliza kama tumemletea petroli au tumekuja kumfukuzia samaki. Tatizo lilikuwa barafu kwenye koo la kabureta. Hewa yenye unyevu ikipita pale na petroli ikigeuka mvuke, pale panapoa zaidi, unyevu unaganda, injini inakosa pumzi.

Wakati rubani anaikumbatia kabureta aipashe joto, mzee alinimiminia chai ya rangi iliyotiwa sharubati nyekundu ya beri. Tundu lake lilikuwa na upana wa sahani ya chai, kina chake shubiri moja ya barafu, halafu maji meusi. Kando kulikuwa na keekee ya mkono aliyotobolea, ndefu hadi kiunoni, na samaki wanne. Nilichuchumaa nikamwokota mmoja. Alikuwa amekauka kama kijiti, mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu, na lile la mgongoni lina miiba. Wa kiganja tu, lakini sura ile naijua. Mzee akasema, "Okoń." Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Akasema Kilimanjaro. Nikakataa, nikamwambia ziwa, Victoria. Akafikiri, uso ukafunguka, akainyanyua mikono yote miwili kuonyesha samaki wa urefu wa mlango: "Okoń nilowy!" Ndivyo wanavyomwita sangara. Anamnunua dukani mjini, minofu mitupu, na akanionyesha kwenye koo kwamba hana miiba kabisa.

Miiba naijua ilikobaki. Mama alikuwa akitukaangia mapanki, kichwa na mfupa uliokwisha kuchunwa minofu kiwandani, na tulikuwa tunagombania nyama ya mashavuni. Sikuweza kumweleza mzee kwa Kipolandi changu cha sokoni. Nilimwambia ni mzuri, ndiyo, anauzwa ghali. Akakubali kwamba ni ghali.

Injini ikawaka. Rubani akasema atarudi peke yake, kwa uzito mdogo itapaa kwa urahisi, mimi nitembee. Ufuko ule pale. Ulikuwa kilomita mbili. Nilipofika viatu vimegeuka mawe nilimkuta ameshakunja bawa. Nikamkumbusha kwamba nililipia dakika 30 na saa yangu imehesabu 17. Akasema za ziwani nazo zinahesabiwa. Tukakubaliana kesho. Kesho ukaja upepo, na keshokutwa tiketi yangu ya kurudi ilikuwa haibadilishiki. Hela sikurudishiwa.

Mapicha ya ngome nimeyafuta yote. Moja ya vivuli nilimtumia mjomba wangu wa Nansio, ambaye amevua tangu kabla sijazaliwa, nikamsimulia yote na kumwandikia kwamba hili pia ni ziwa, ingawa Ukerewe peke yake unalizidi mara ishirini. Sauti yake ilikuja usiku, nyuma yake wanasikika watu wakisukuma mtumbwi.

"Mjomba, nimekuza picha nimeangalia. Hao wamekaa juu ya maji? Sawa. Na huyo aliyekupa chai amepata wanne, kutwa nzima, kwenye kitundu? Na wewe ukatoa laki tatu kwenda kumtazama kwa juu? Haya. Mwambie aje Nansio, nafasi kwenye mtumbwi nitampa. Ila ile keekee aiache huko huko."