Venye nilipanga draivu za laptopu nikaweza kurekodi nyatiti kwa nyumba

Mimi narekodia kwa nyumba, Migosi hapa Kisumu, chumba kimoja nimekizungushia blanketi na magodoro mazee, na kazi nyingi ni ohangla (muziki wa ngoma wa Wajaluo), kwaya za kanisa na mara moja moja nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Watu huniuliza sana maiki gani natumia, kadi ya sauti gani, lakini draivu, yaani disiki za kuhifadhia data, hakuna mtu huuliza, na kwangu draivu ndio zilileta tofauti kushinda maiki yoyote nimewahi kununua, so wacha niandike yote mara moja.

Laptopu yangu ni zile za ex-UK. Ilikuja na hadi disiki moja ya GB 500, ile ya kuzunguka mara 5400 kwa dakika, na kila kitu kilikaa humo, Windows, Reaper (programu ya kurekodi), sampo za piano (noti zilizorekodiwa tayari), sesheni zenyewe, hata video za harusi ya binamu. Maiki moja ilikuwa inaenda vizuri tu. Ukiweka maiki nne na piano ya Kontakt, programu ya kucheza hizo sampo, inacheza kwa hedifoni pamoja na ngoma, hapo ndio shida, inaruka, ama Reaper inasimama mwimbaji akiwa katikati ya ubeti na ukimwambia arudie hairudi vile ilikuwa.

Kila mtu aliniambia disiki ni slo. Nikakaa chini nikapiga hesabu, na hesabu ikakataa. Sauti ya biti 24 kwa 48 kHz ni sampo 48,000 kila sekunde (hapa sampo ni kipimo kimoja kidogo cha sauti, si zile noti za piano) na kila sampo ni baiti tatu, hiyo ni kama KB 144 kwa sekunde kwa traki moja ya mono. Traki nne hazifiki hata MB 0.6 kwa sekunde. Traki nane za kwaya ni kama MB 1.2. Sasa hadi disiki hata ya zamani ikiandika mfululizo inafika makumi ya MB kwa sekunde bila jasho, kwa hivyo si kasi ya kuandika inayokuangusha.

Kinachokuangusha ni kurukaruka. Ndani ya hadi disiki kuna mkono wenye kichwa cha kusoma na lazima usogee mpaka mahali data iko, na kila kusogea ni kama milisekunde kumi na kitu hivi. Ukirekodi traki nne, ucheze zingine ishirini zilizokatwakatwa, piano inavuta noti zake (Kontakt huweka mwanzo wa kila sampo kwa RAM halafu inavuta iliyobaki kutoka kwa disiki ukishabonyeza), na Windows nayo imeamua sai ndio saa ya apdeti na antivairasi inakagua kila faili mpya, huo mkono mmoja unahangaika kama kondakta ndani ya basi imejaa, abiria wa nyuma anaita chenji na wa mbele anataka kushuka. Ndio maana watu wa studio toka zamani walikuwa wanatenganisha, draivu ya mfumo kivyake, ya kurekodi kivyake, ya sampo kivyake.

SSD, draivu ya chipu tupu, haina mkono wa kusogea, na hiyo ndio faida yake kwetu, si zile namba kubwa zimeandikwa kwa boksi. Nilienda duka moja Oginga Odinga Street fundi akaniambia, "Boss, wachana na SATA, uza hii laptopu uchukue ya NVMe, sauti haitachelewa tena." SATA na NVMe ni njia mbili za kuunganisha SSD na laptopu, NVMe ndio ya kasi zaidi. Nikamwambia kuchelewa kwa sauti ni mambo ya bafa ya kadi ya sauti, yaani kile kipande cha sauti kompyuta inakusanya kabla ya kukitoa, na prosesa. Bafa ya sampo 128 kwa 48 kHz ni kama milisekunde 2.7 na itabaki hivyo hata uweke draivu ya bei gani. Akacheka, akasema basi wewe ni mteja mgumu. SSD ya SATA inafika kama MB 550 kwa sekunde, NVMe nyingi zinapita 3,000, na mimi nahitaji MB chache tu. Hiyo tofauti ya pesa nikanunua SSD ya pili.

Sasa venye nilizipanga. Mahali pa disiki ya zamani niliweka SSD ya GB 240, hapo ni Windows, Reaper na plagini (programu ndogo za efekti na ala zinazofunguka ndani ya Reaper), basi. Halafu nikatoa draivu ya DVD, ambayo sai nani anatumia, nikaweka kedi, ile fremu ya kushikilia draivu kwa nafasi ya DVD, ndani yake SSD ya GB 500 ya sesheni na sampo. Kedi ziko za unene mbili, 9.5 mm na 12.7 mm, pima yako kabla hujatoka nyumbani juu ukinunua ya 12.7 na nafasi ni ya 9.5 haitaingia hata uisukume aje. Na laptopu zingine za zamani hiyo nafasi ya DVD inaenda nusu ya kasi ya ile kuu, kwa hivyo mfumo, yaani Windows, uweke kwa nafasi kuu na sesheni kwa kedi, zenyewe hazitasikia tofauti.

Mbona sampo na sesheni zikae pamoja? Kwa sababu ni SSD. Kama zingekuwa hadi disiki ningezitenganisha lazima, lakini kwa SSD sijaona haja ya draivu tatu kwa kazi ya nyumbani, labda mtu wa kufanya muziki wa filamu na vayolini mia.

Kitu ya kufanya kabla hujarekodi chochote ni kuipa draivu ya sesheni herufi yake ya kudumu. Yangu ni R. Usipofanya hivyo, siku umechomeka flashi mbili Windows inaweza kubadilisha herufi na Reaper ikifunguka inakuambia faili zote hazionekani, na kumbe ziko pale pale. Fomati nimeweka NTFS. FAT32 wachana nayo, faili moja haiwezi kuzidi GB 4 na siku utazipu sesheni nzima itakataa. Ile ya nje ambayo napelekea prodyuza wa Mac nimeifomati exFAT, juu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki, ila exFAT haina ile kumbukumbu ya kujirekebisha stima ikipotea katikati ya kuandika, kwa hivyo haikai na kitu cha pekee.

Stima yenyewe si mnaijua. Hapa Kisumu mawingu yakijikusanya jioni juu ya ziwa unajua kuna radi na kuna kupotea kwa stima, na mvua ikipiga mabati kurekodi umemaliza hata kama stima iko. Hiyo ni sababu nyingine mimi sitaki kompyuta ya mezani bila UPS. Laptopu yenye betri nzima ni UPS tosha, inakupa muda wa kumaliza teki na kuseivu.

Kuna mipangilio mingine midogo ambayo mtu hawezi kukuambia. Kwa mipangilio ya umeme ya Windows kuna mahali imeandikwa disiki izimwe baada ya dakika kadhaa, weka sifuri isizimwe kabisa, na ile ya kulaza poti za USB uizime pia. Kama bado unatumia hadi disiki hii ndio inakufanya ubonyeze rekodi halafu ungoje disiki iamke. Folda ya sesheni nimeiambia antivairasi iiruke, na ile kazi ya Windows ya kuorodhesha faili ili zitafutwe haraka nimeizima kwa hiyo draivu. Kwa Reaper, kila ukianza kazi mpya weka alama pale inaulizia kutengeneza folda ya projekti na kukopi midia zote ndani yake. Ukifanya hivyo kila wimbo unabeba mizigo yake yote kwa folda moja na kukopi kwenda kwingine ni kuburuta tu. Halafu acha nafasi, mimi draivu ikibaki na asilimia 20 natoa kazi za zamani, SSD ikijaa sana inaanza kusuasua.

Lakini faida ambayo sikuitarajia ilikuja na nyatiti. Yule mzee hukaa kwa kigoda kifupi, nyuzi nane zinaangalia karibu na sakafu, kwa kidole kikubwa cha mguu ana pete ya chuma, oduong'o, anagonga nayo mti wa ala, na mguuni ana njuga za gara. Kwa hivyo mtu mmoja anataka maiki nne, ya sauti, ya nyuzi, ya pete na ya gara, na tatu kati ya hizo ziko chini kabisa, hapo hapo laptopu imewekwa. Siku za hadi disiki alisimamisha kidole akaniambia, "Nyathina (mwanangu), kuna kitu inalia hapo chini ya meza." Mimi sikuwa nimesikia. Nikaongeza hedifoni, kweli, mlio mwembamba wa disiki ikizunguka na kale kakelele ka trrk trrk kila mkono ukisogea, na kalikuwa kanaingia vizuri kabisa kwa maiki ya nyuzi. SSD hazina sauti. Feni imebaki, nayo inatulia ukiwa huna plagini nzito zimefunguliwa wakati wa kurekodi. Aliporudi akapiga mpaka mwisho, nikamuuliza, "Baba, bado inalia?" Akasema sasa anasikia bodaboda wa barabarani peke yao.

Baki-apu. Hadi disiki ya zamani sikuitupa. Kwanza niliikagua na CrystalDiskInfo nikaangalia kama kuna sekta zimeanza kuharibika, nikaona iko sawa, nikaiweka kwa kasha la USB 3.0, sasa ndio ya baki-apu. Kila nikimaliza sesheni naendesha FreeFileSync kabla sijafunga mlango, na naiweka kwa ile njia ya kuongeza vipya tu, si ile ya kufananisha draivu mbili, juu ile ya kufananisha, ukifuta kitu huku kwa bahati mbaya inafuta na kule. Kopi ya tatu iko kwa draivu nyingine inakaa kwa dada yangu Mamboleo, tunabadilishana nikienda kumsalimia. Mwizi akiingia kwangu atabeba laptopu na draivu iko kando yake, hawezi kuchagua. Kuna jamaa wananishauri RAID, ile ya kuandika kitu kimoja kwa draivu mbili kwa wakati mmoja, na mimi nawaambia RAID inakusaidia draivu moja ikikufa, haikusaidii ukifuta faili ama chumba kikiingia maji.

Na zile flashi za TB 2 wanauza kwa bei ya soda, kabla uweke kazi ya mtu humo iendeshee H2testw. Inajaza flashi yote halafu inasoma tena, na nyingi utapata nafasi ya kweli ni GB chache, zingine zote ni uongo, faili inaonekana kwa jina lakini ndani hakuna kitu.

Kazi ikishalipwa, kila traki naitoa kama faili moja ndefu kuanzia sekunde ya kwanza, ikiwa na plagini zake na nyingine bila, kwa sababu miaka mitano mbele sijui kama hiyo plagini itafunguka. Halafu nazigeuza FLAC, zinapungua ukubwa na sauti haipotei hata kidogo, nazihamisha kwa draivu ya nje na kwa ile ya Mamboleo, nafungua moja moja kwa draivu zote mbili nisikie kama zinacheza, na ndio nafuta kwa R.