Nilibadilisha sili ya spoketi bure, oili ilikuwa inatoka kwingine

Jamani hii oili ilinitesa karibu mwezi. Pikipiki yangu ni hizi za kawaida za cc 125, kila asubuhi nakuta tone kwenye vigae vya baraza na mama mwenye nyumba kashaanza kunitolea macho. Kufungua kava upande wa kushoto nakuta tope jeusi limejaa kwenye spoketi ndogo (lile gurudumu la meno linalovuta cheni), nikajua tu ni sili ya shafti yake, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, fundi nae akasema hivohivo bila hata kuinama. Tukaweka sili mpya. Siku ya tatu tone lipo palepale.

Jumapili nikaamua mwenyewe. Nikatoa cheni, nikaosha na dizeli na mswaki wa zamani mpaka chuma kikaonekana, nikafuta kikauka, afu nikanyunyizia poda ya mtoto eneo lote (wife ananiuliza leo unaipeleka kliniki?). Nikaiweka stendi ya kati, nikawasha, nikatia gia ya kwanza spoketi ikawa inazunguka yenyewe. Cheni lazima uitoe, maana ikiwepo inarusha oili kila kona hujui imeanzia wapi, ila vidole weka mbali. Dakika kama kumi hivi nikazima nikamulika na tochi ya simu. Kwenye spoketi poda kavuuu! Ila pale inapotokea shafti ya pedeli ya gia kuna mstari umelowa unashuka. Kumbe ukitembea upepo unaisukuma ile oili nyuma, cheni inaidaka inaenda kuipaka spoketi, na sisi tunaisingizia spoketi.

Sili ya shafti hiyo ya gia ilikuwa imekauka ngumu kama plastiki. Nikalaza pikipiki kidogo upande wa kulia ili oili isimwagike, nikatoa pedeli, nikazamisha skrubu nyembamba kwenye mpira wa sili, sio pembeni kabisa usije ukachuna shafti, nikaivuta na plaizi. Dukani nilienda nayo mkononi, usoni ina namba tatu za upana wa ndani, wa nje na unene, bei ndogo tu. Kabla ya kuivisha nikafunika meno ya shafti na kipande cha mfuko laini, bila hivyo yanakata mdomo wa sili mpya unarudi kulekule, nikapaka oili, nikaigonga taratibu na boksi spana inayolingana nayo mpaka ikakaa sawa na kizimba cha injini.

Poda nikarudia tena, kavu. Leo wiki ya tatu, baraza safi, na poda ya mtoto nimedaiwa nyingine.